Mpishe Mwenye Mzigo

Trondheim, Norwe
14 Oktoba 2007

Baba,

Najua barua hii itakukuta ukigombana na mteja. Siku nitakayoambiwa hugombani na mtu ndiyo nitajua uko mgonjwa.

Umeniuliza ninasomea nini hasa, kwa sababu umechoka kuwaandikia watu wa kanisa "kompyuta" na wao wanadhani ninajifunza kupiga chapa. Basi nakueleza, nawe uwaeleze, na wakikosa kuelewa shauri yao.

Picha inayotembea, ile ya mtu akiwa anakutazama saa hiyo hiyo kutoka nchi nyingine, haipiti kwenye mtandao ikiwa nzima. Inakatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja kinatumwa peke yake, halafu upande wa pili vinaunganishwa tena. Sasa njia yenyewe si yako peke yako. Kuna wengine wanatuma vyao. Wakizidi, njia inabana na vipande vinaanza kupotea. Hapo mashine inayotuma ichague: ipunguze, itume picha hafifu kidogo, au ikaze shingo isukume vile vile mpaka kila mtu akwame. Kazi yangu ni kuifundisha kupunguza. Ikiona vipande vinapotea, inarudi nyuma. Ikiona njia imefunguka, inaongeza polepole.

Profesa aliniuliza hili wazo la kurudi nyuma haraka namna ile nimelitoa wapi. Nikamwambia nimelelewa na fundi wa viti vya magari. Unakumbuka ule mlango mwembamba wa karakana? Kila nikitoka mbio na mtu anaingia na sponji kichwani, ulikuwa unanivuta shati kwa nyuma: mpishe mwenye mzigo. Basi programu yangu nayo inavutwa shati.

Jambo lingine. Wenzangu wote hapa, njia ikibana, wanatupa picha na kuokoa sauti. Nikawauliza, na baba yangu je, ambaye hasikii? Mtamwokolea sauti ya nini? Yangu inatupa sauti kwanza. Picha ndiyo ya mwisho kufa.

Krismasi ikifika nitakuwa nimeimaliza programu hii. Utaenda kwa Rupinder pale cyber na tutaongea kwa mikono kama tuko jikoni. Nina hamu nawe sana, Baba. Huku hakuna mtu ninayeongea naye kwa mikono, vidole vyangu vimeanza kuwa vizito.

Binti yako,
Wawira


Nakuru
4 Novemba 2007

Wawira mwanangu,

Barua imefika. Ni kweli nilikuwa nagombana. Mtu ameleta Datsun anataka viti vya ngozi kwa bei ya turubai. Nimemwandikia ubaoni NENDA ROHO SAFI, akaenda.

Nimesoma habari za mashine yako na nina swali. Hiyo yenye adabu, ikikutana na isiyo na adabu inakuwaje? Yako itarudi nyuma, ile itasonga mbele. Yako itarudi tena. Mwisho wake si itajikuta nje barabarani? Nakuuliza kwa sababu mimi naishi Nakuru na nawaona watu kwenye foleni ya mafuta ya taa. Mwulize profesa wako.

Watu wa kanisa nimewaambia unasomea adabu. Mama mmoja akaandika, hiyo si angejifunza tu nyumbani.

Mwandiko wangu usikushangaze. Kalamu hii ni mbaya na stima imekuwa ikipotea.

Kwa nini tungoje Krismasi? Nilipopoteza masikio nilikuwa darasa la pili, ile homa ya uti wa mgongo, na nyanya yako alilia akasema nimebaki gunia. Macho ndiyo yaliyonitoa kwenye gunia. Marehemu mama yako nilimjua kwa macho. Wewe ulijua kuongea na mimi kabla hujajua kuongea na watu. Barua zako ni nzuri, lakini barua haina uso. Nataka kuona mikono yako. Harakisha hiyo kazi, usilale.

Babako,
Ireri


Barua pepe kutoka Nakuru
19 Novemba 2007

Wawira, sasa.

Mzee akijua nimekuandikia hii maneno atanishona mdomo na ile sindano yake ya ngozi, lakini wacha anishone. Umenifanyia kazi hapa kaunta mpaka siku ya kwenda huko, na hujawahi kunificha kitu, hata siku uliunguza printa. Mimi pia sitakuficha.

Juzi alimaliza viti vya Peugeot ya Dhirajlal, yule wa duka la vipuri. Dhirajlal alikuwa amechagua maruni. Kufika, vya mbele ni maruni, vya nyuma ni kahawia, na mzee amesimama kando akitabasamu, anangoja asifiwe. Unamjua Dhirajlal, mtu wa kelele. Siku hiyo alimshika mkono tu, akalipa, akaendesha moja kwa moja mpaka hapa kwangu. Akaniambia, Rupinder, huyo mzee haoni.

Nikampeleka kwa daktari wa macho, karibu tupigane. Ni presha ya macho. Imekuwa ikimla pole pole na hata haiumi. La kushoto limeisha kabisa. La kulia anaona katikati tu, kama mtu anachungulia kwa bomba, na hiyo bomba inazidi kuwa nyembamba. Amepewa nafasi ya upasuaji Nairobi, mwisho wa Januari. Kilichoenda hakirudi. Watajaribu kuokoa kilichobaki.

Mtu hasikii, sasa na macho pia. Nimejaribu kufikiria mtu atamwambia nini, na kupitia wapi, nikashindwa. Wewe ndiye msomi wa hizo vitu. Fanya haraka, haki.

Rupinder


Barua pepe kutoka Trondheim
20 Novemba 2007

Boss,

Nimelia maktaba mpaka mlinzi akaniletea maji. Asante kwa kuniambia. Eti kalamu mbaya! Hivyo ndivyo ameniandikia mimi, kalamu.

Ningepanda ndege leo. Lakini nikiondoka kabla ya mtihani wa Juni nafasi yangu imekwisha, na yeye akiniona mlangoni bila cheti ataufunga. Unamjua.

Umenipa kitu kimoja cha kushika, hiyo bomba. Kama anaona katikati tu, hahitaji picha kubwa. Nitakata ukuta, dirisha, mabega, kila kitu. Nitatuma uso na mikono, ndogo, hapo katikati ya kioo. Programu ikibanwa itoe rangi, itoe ukali wa picha, itoe chochote, lakini mikono isirukeruke. Ishara iko kwenye mwendo wa mkono. Ukimwonyesha mwanzo na mwisho ukaruka katikati, hujamwambia kitu.

Usimwambie najua. Ameamua nisijue, mwache kwanza.

Wawira


Barua pepe kutoka Nakuru
16 Desemba 2007

Wawira,

Programu nimeiweka kwa mashine ya dirishani, juu ya vile mzee anataka mwanga. Jana katika jaribio uliona mwenyewe, mimi na wewe tulienda vizuri kidogo halafu ukawa ukungu. Si makosa yako. Hii dishi ya satelaiti tunagawana na watu wa Eldoret na Kisumu na sijui nani tena. Hata nikiwafukuza wateja wangu wote, wale wengine bado wako juu huko wanavuta.

Nilimuuliza mzee kama hapendi urekodi CD, tuipokee kwa posta, aitazame hata kutwa. Akachukua ubao akaandika: CD HAINIJIBU. Halafu akanitazama kama mimi ndio kipofu.

Tufanye Jumapili ya tarehe sita Januari. Uchaguzi utakuwa umepita, watu wamerudi makwao, dishi itakuwa nyepesi. Amenunua koti kwa hiyo siku, usiseme nimekuambia.

Rupinder


Barua pepe kutoka Nakuru
9 Januari 2008

Wawira,

Unataka kujua upande huu ilikuwaje, na nimechelewa kuandika kwa sababu sikutaka kuandika.

Nchi umeiona kwenye habari, vile inaungua tangu uchaguzi. Kadi za simu zimeisha madukani, kwa hivyo kila mtu mwenye ndugu ng'ambo amekuja hapa. Foleni ilifika kwa kinyozi. Wengine wametoka Molo, wengine Rongai, na nguo walizovaa tu. Singeweza kuwafungia mlango, Wawira, hata wewe hungeweza.

Mzee alikuja na koti. Ulipotokea alikuona, nakuapia, alipiga meza kwa furaha. Ukaanza kumsalimia. Halafu programu yako ikaanza heshima zake. Wengine wanavuta, yenyewe inarudi nyuma. Picha ikafifia, ikawa ukungu, mwisho ikasimama. Na ilisimama mikono yako ikiwa juu.

Unajua alifanya nini? Alikaa, mikono kwa magoti. Nikamgusa bega nikamwambia ni netiwaki. Akanikunjia uso, akasema kwa mkono, "Bado anaongea." Kwenu mtu hajibu kabla mwenzake hajashusha mikono, wewe ndiye ulinifunza hiyo. Na kwa lile jicho lake hangejua kwamba hiyo ni picha imelala. Alikungoja hivyo na adabu zake zote mpaka watu wa foleni wakaanza kuniangalia mimi. Nilizima mashine na mkono wangu. Nikamwambia stima imepotea.

Toa hiyo adabu, Wawira. Programu za wengine hazina adabu na zinapita. Nakuomba kama ndugu.

Rupinder


Barua pepe kutoka Trondheim
11 Januari 2008

Boss,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama na mpaka sasa sijui kukaa. Mimi nilidhani imekatika kwake pia. Nilidhani alifunga, akaenda nyumbani.

Kuitoa ni mstari mmoja tu. Nikiufuta, programu yangu haitarudi nyuma tena kwa ajili ya mtu. Itajaza njia yote. Na wale wa mashine zingine hapo kwako hawatafifia, watakatika kabisa. Mama ametoka Molo na nguo alizovaa, mimi ndiye nimfungie? Mzee mwenyewe angenichapa.

Tungoje. Upasuaji ni mwisho wa mwezi, ukifaulu tutakuwa na wakati. Hali itatulia. Lazima itulie.

Na umwambie nilishusha mikono. Tafadhali, Rupinder, mwambie nilishusha na nilikuwa nangoja anijibu.

Wawira


Barua pepe kutoka Nakuru
31 Januari 2008

Wawira,

Tuko hai. Hilo kwanza.

Nakuru imeungua. Nilifunga cyber nikamchukua mzee akae na sisi, mama yangu amempa chumba cha wageni na anamlazimisha kula chapati. Risasi hazisikii, lakini anaweka kiganja sakafuni na kuniuliza ni magari gani hayo makubwa yanapita.

Sasa ile nyingine. Siku ya kwenda Nairobi tulitoka naye mapema. Tulifika Gilgil tukarudishwa. Naivasha hapapitiki. Nafasi yake ilipita hivyo hivyo, na huko wamesema watampa nyingine, hawajui lini. Jana daktari wa hapa amemwangalia tena. Ameniambia, kama kuna mtu yeye mwenyewe anataka kumwona, asingoje.

Leo alinishika mkono akaniuliza kama jioni imefika. Ilikuwa saa sita mchana.

Nimefungua tena na foleni imerudi kama ile ya kwanza. Jumamosi nitamleta. Wewe amua.

Rupinder


Barua pepe kutoka Trondheim
1 Februari 2008

Nimeufuta.

Programu mpya iko hapa chini, iweke kwa mashine yake kabla sijaingia. Usiniambie nani mwingine atakuwa ndani ya chumba.

W.


Trondheim
3 Februari 2008

Baba,

Rupinder atakupigia chapa hii kwa herufi kubwa.

Jana nilikuona! Nilikuona mpaka ile alama ya sindano kwenye kidole gumba. Umesema nywele zangu ni kama sponji iliyopasuka kwenye kiti cha lori. Umesema mama ya Rupinder atakuua kwa chapati. Halafu ukaniambia kuhusu macho, wewe mwenyewe, kwa mikono yako, nami nikajifanya ndiyo nasikia mara ya kwanza, na ukajua najifanya, ukacheka. Baba, nilikuwa na furaha mpaka nikaogopa.

Kisha nikaanza kukuambia jambo. Ukageuza kichwa. Ukakaa hivyo, kichwa upande, hunitazami. Nikapunga mikono kama mtu anazama. Ukanitupia jicho mara moja, ukainuka. Nikabaki naona kiti kitupu, kisafi, hakirukiruki hata kidogo, mpaka mtu akaja akazima.

Nimekukosea nini? Kama ni hasira niambie. Huwezi kunifanyia hivyo sasa, si sasa.

Wawira


Nakuru
8 Februari 2008

Wawira mwanangu,

Naandika na rula chini ya mstari, Rupinder ananishikia. Maneno yakipandana usome hivyo hivyo.

Sina hasira. Nilitaka kukaa. Shika hilo kabla ya mengine yote, nilitaka kukaa.

Nilipokuwa nakutazama nilihisi meza inatikisika. Kwangu mimi meza ni sikio. Nikageuza kichwa, nikatafuta kidogo kidogo na hiki kijicho mpaka nikampata. Mwanamke, nimeambiwa baadaye anaitwa Chepkorir, wa Rongai. Amevaa vile vya masikioni na anapiga meza kwa ngumi. Mdomo wake ulikuwa unasema neno moja tu, tena na tena, mama. Neno hilo nalijua kwenye midomo ya watu wote. Nyuma yake mwingine anatikisa waya. Mwingine amevua vile vya masikioni anavitazama tu.

Nikakutazama wewe. Huna doa. Hujawahi kuwa safi namna ile kwenye kioo kile. Nikamuuliza Rupinder kwa nini. Rupinder ni mtu mwema lakini uso wake haujui kudanganya. Akatazama viatu vyake, nami nikajua umetoa ile adabu.

Yule mwanamke alikuwa anamwambia ndugu yake aliye Dubai kwamba mama yao amepatikana, na hakupatikana akiwa hai. Ndugu alikuwa amesikia "amepatikana" peke yake. Alikuwa anashangilia kule, Wawira, halafu njia ikafungwa.

Kwa hivyo niliinuka. Usinifanye malaika. Nilipofika nje nilijuta, nikageuka nirudi, Rupinder akaniambia kiti kimeshakaliwa. Nililia pale kwa kinyozi, mtu mzima na koti langu, watu wakadhani nimechomewa nyumba. Sikuwa nimemaliza kukutazama. Ulikuwa umeanza kuniambia jambo na sikulipata.

Lakini nilikuona, na umekonda. Kula.

Babako,
Ireri


Barua pepe kutoka Nakuru
9 Machi 2008

Wawira,

Jicho limefunga. Juzi nilimpelekea chai, akanyoosha mkono ukapita kando ya kikombe. Akaurudisha, akajaribu tena, halafu akauweka tu mapajani. Nilikaa naye chini.

Bado anaongea na sisi kwa mikono, na vile nimezoea namwelewa mengi. Shida ni sisi kumjibu. Ukimshika mkono uufanyie ishara, kwa vile mkono wetu ni wa kujifunza tu, anachanganyikiwa na anakasirika. Ni mama yangu amepata njia, mama ambaye hata hajui kutumia simu. Alimkunjua kiganja akachora kwa kidole, herufi moja moja, C, H, A, I. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Basi ndiyo njia yetu.

Ni ya polepole sana. Ile barua yako ya kurasa mbili nilianza asubuhi. Nachora herufi, nangoja atikise kichwa, nachora nyingine. Akikosa moja narudia neno lote. Kufika katikati alikuwa amechoka, ameanza kusinzia, na neno lenye maana lilikuwa ukurasa wa pili. Kwa hivyo nakuomba uandike fupi. Hii ndiyo imebaki na inabeba kidogo sana.

Rupinder


Barua pepe kutoka Trondheim
10 Machi 2008

Rupinder,

Kazi yangu yote huku ni kuamua nini kitupwe njia ikibana. Leo nimekaa na barua ya kumpelekea baba yangu na kila neno nikiligusa linanililia.

Nimetoa theluji. Nimetoa mtihani, nimetoa habari za profesa, nimetoa vichekesho. Nimetoa lile jambo nililoanza kumwambia siku ile. Nilikuwa nimepata kazi huku na nilitaka kumwomba ruhusa nibaki. Nimeikataa, kwa hivyo hakuna haja alijue. Na Juni sitaingoja. Cheti kitanifuata au kitaniacha, na mlango akiufunga nitalala nje.

Kuhusu yule dada wa Rongai, kama bado anakuja hapo, mpe mashine ya dirishani na usimlipishe. Sijui jambo lingine la kumfanyia. Nilikuambia usiniambie nani yuko ndani ya chumba, na sasa simwachi kichwani hata nikilala.

Kilichobaki cha barua ni hiki. Mchoree:

BABA
NI WAWIRA
NISAMEHE
NAKUJA


Barua pepe kutoka Nakuru
12 Machi 2008

Wawira,

Nimemchorea leo. Tulikuwa tumekaa nje ya karakana yake juani, kiti chake cha kushonea bado kiko pale.

BABA alipokea bila shida. Jina lako alilijua kwa herufi ya kwanza, akanifanya nilimalize hata hivyo, akanifanya nirudie.

Nikaanza NISAMEHE. Nilikuwa nimefika kwa M akafunga kiganja. Nikafikiri amekosa herufi, nikafungua vidole vyake taratibu nikaanza upya. Akafunga tena, sasa kwa nguvu, na unajua vile mkono wa fundi wa ngozi uko, niliumia. Akatikisa kichwa. Nilijaribu mara nyingine juu ni wewe umenituma, na mimi nataka kukufikishia vile umesema. Hakunipa mkono. Hilo neno amelikataa, Wawira, halikuingia.

Nikaliacha. Nikangoja mpaka akafungua mwenyewe. Nikachora NAKUJA.

Akakunjua mkono wote. Akanitaka nichore tena, halafu tena, nimechora mpaka jua limehama upande. Kisha akakishika kidole changu na mpaka saa hii hajakiachilia, ndiyo unaona nimeandika vibaya, nabonyeza simu na mkono wa kushoto. Nimejaribu kukitoa nikakukatie tiketi upande huu, amekataa.

Anajua kidole hiki si chako. Njoo.

Rupinder